Kaunta ya famasi dhidi ya kiharusi na maradhi ya moyo: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa watoa dawa

Mgonjwa wa presha aliyetulia humwona daktari mara mbili hadi nne kwa mwaka. Kwenye duka la dawa hufika kila mwezi, na asiye na fedha za mwezi mzima hufika kila wiki kununua vidonge saba. Hakuna mtaalamu mwingine wa afya anayemwona mara nyingi hivyo. Kwa hiyo dozi zinapoanza kurukwa, au mtu anapoongeza dawa ya maumivu inayopandisha presha, wa kwanza kuweza kugundua ni aliyesimama nyuma ya kaunta. Mwongozo huu ni wa wafamasia, wateknolojia dawa na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu. Unaeleza namna ya kugundua na la kufanya baada ya kugundua.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 huko Los Angeles, Marekani, wafamasia waliwafuata wanaume weusi wenye presha kwenye maduka 52 ya vinyozi. Wakiwa na makubaliano ya maandishi na madaktari, waliwapima, wakawaandikia dawa na kuzirekebisha palepale. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 27 mmHg (milimita za zebaki, kizio cha presha). Kwa wenzao walioshauriwa tu na vinyozi wao kubadili mwenendo na kwenda kwa daktari ilishuka kwa takriban 9. Dawa zilizotumika zilikuwa za kawaida. Tofauti ilitokana na mtu kupimwa karibu na anapoishi na kila namba mbaya kufuatiwa na hatua. Hapa Tanzania na Kenya mtoa dawa habadilishi dawa ya presha bila agizo la daktari, lakini kupima, kuhesabu, kuuliza na kuandika barua ya rufaa vyote vimo mikononi mwake.

Hatua ya 1: Andaa kona ya kupimia

Unahitaji mashine ya umeme ya kufunga kwenye mkono wa juu, iliyothibitishwa kitaalamu. Mashine za kifundo cha mkono ziache, kwa kuwa mkono ukikaa chini kidogo tu namba inapotoka. Nunua mikanda miwili: wa kawaida (mara nyingi huandikwa sentimita 22 hadi 32) na mkubwa (32 hadi 42). Weka futi ya fundi cherehani mezani upime mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko kabla ya kuchagua mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa isiyo ya kweli, na kwa mikono minene sana tofauti hufika karibu 20 mmHg. Hiyo inatosha kumwanzishia mtu dawa asiyoihitaji. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hufanya kinyume chake: humficha mgonjwa.

Weka kiti chenye egemeo, meza inayofikia usawa wa kifua, na pazia. Pazia si anasa. Mama aliyevaa buibui hatakunja nguo mbele ya wateja, na ukimlazimisha ataondoka na hatarudi. Mkono wa nguo nyepesi unaweza kubaki chini ya mkanda, lakini nguo iliyokunjwa juu hadi ikabana ni mbaya zaidi, maana hukaza mkono na kuharibu kipimo.

Betri zikichoka mashine huanza kutoa makosa au kushindwa kujaza mkanda. Kuwa na za akiba. Mara moja kwa mwaka peleka mashine ikakaguliwe, na andika tarehe ya ukaguzi juu yake.

Hatua ya 2: Pima kama inavyotakiwa

Makosa mengi ya presha huzaliwa hapa. Mteja ametembea juani, amepanda daladala, ameingia akihema, na mkanda unafungwa akiwa amesimama. Namba inayotoka hapo haifai kuandikwa popote.

Mwulize kwanza: ndani ya nusu saa iliyopita amekunywa kahawa au chai ya rangi, amevuta sigara, amefanya kazi ya nguvu? Anahitaji kwenda haja ndogo? Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha mketishe dakika tano kamili, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana, na mkono uko mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, namba hupanda kwa 7 au 8 mmHg.

Funga mkanda vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, ukiacha nafasi ya kupenyeza vidole viwili ndani yake. Asizungumze wakati wa kupimwa, na wewe usimsemeshe. Hapa unyamavu unahitaji kuelezwa mapema, kwa sababu ni adabu kumjibu anayekuuliza habari za nyumbani: “Shikamoo mzee. Naomba tunyamaze kidogo mashine ifanye kazi, tutaongea ikimaliza.”

Pima mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja. Namba za juu zikitofautiana kwa zaidi ya 10, pima mara ya tatu. Chukua wastani wa vipimo viwili vya mwisho. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, na tangu hapo tumia mkono uliotoa namba kubwa.

Ukiwa bado umeshika mkono, hisi mapigo kwenye kifundo kwa sekunde 30. Mapigo yanayorukaruka bila mpangilio yanaweza kuwa dalili ya moyo kutetemeka badala ya kusukuma sawasawa. Hali hiyo hugandisha damu ndani ya moyo, na donge likikatika huenda ubongoni. Ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya kiharusi, na mashine ya presha peke yake haiaminiki kwa mtu huyo. Mwandikie barua aende kupimwa moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hata kama presha yake ni nzuri.

Hatua ya 3: Amua kwa namba

Chini ya 130/85: mpongeze, mwambie apime tena ndani ya mwaka.

Kati ya 130/85 na 139/89: zungumzeni chumvi, uzito na mazoezi, arudi baada ya miezi mitatu. Lakini kama ana kisukari, ugonjwa wa figo, au aliwahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, usisubiri; mwelekeze kwa daktari, kwa kuwa watu hawa huanza matibabu mapema.

Kati ya 140/90 na 159/99: usimtangazie kwamba ana presha kwa kipimo cha siku moja. Arudi siku nyingine ndani ya wiki mbili hadi nne, na ikibaki hapo aende na barua. Ikifika 160/100, aende kituo cha afya ndani ya wiki hiyo.

Kuanzia 180/110: mpumzishe, rudia kipimo. Ikibaki hapo na hana dalili yoyote, aende kwa daktari siku hiyohiyo, bila hofu na bila kukimbizwa. Akiwa na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa, kuona ukungu au kichwa kikali kisicho cha kawaida, hiyo ni dharura ya hospitali sasa hivi.

Mjamzito yuko nje ya orodha hii. Akiwa na 140/90 au zaidi, aende kliniki siku hiyo.

Kuna jambo moja hapa tunalisisitiza kuliko yote: usimpe nifedipini ya haraka (dawa ya kushusha presha) chini ya ulimi, wala usimmezeshe dozi maradufu ili “presha ishuke kwanza.” Bado inafanyika madukani, mara nyingi kwa nia njema. Ubongo wa mtu aliyekaa miaka na presha kubwa umezoea msukumo huo. Ukiushusha ghafla, damu haifiki inakotakiwa, na kiharusi ulichotaka kukizuia unakisababisha mwenyewe. Presha iliyopanda kwa miaka hushushwa kwa siku na wiki.

Barua ya rufaa iwe fupi: jina, umri, namba zote ulizopima pamoja na tarehe na mkono uliotumia, dawa zote anazotumia zikiwemo za asili na za dukani, na sababu ya kumtuma katika sentensi moja. Weka nakala. Maneno ya mdomo “nenda hospitali” hupotea njiani.

Hatua ya 4: Kila anaporudi kuchukua dawa, hesabu

Chukua mfano. Mama alipewa vidonge 30 vya amlodipini, dawa ya presha, tarehe 1 Machi, kimoja kwa siku. Amerudi tarehe 12 Aprili. Siku 42 zimepita kwa vidonge 30: amefunikwa kwa asilimia 71. Kwa kawaida tunachukulia kwamba chini ya asilimia 80 dawa haiwezi kufanya kazi yake ipasavyo. Presha ya mama huyu ikiwa 158/96, daktari asiyejua hesabu hii atamwongezea dawa ya pili, na siku atakapomeza zote kwa uaminifu atapata kizunguzungu na kuanguka. Hesabu yako ya dakika moja inazuia hilo. Iandike kwenye kadi yake ya kliniki.

Ukishaona pengo, usiulize “Unameza dawa?” Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza hivi: “Mama, watu wengi hupitiwa. Wiki hii iliyopita, ni siku ngapi kidonge kimepita bila kumezwa?” Kisha nyamaza umsikilize. Sababu ni chache tu, na kila moja ina njia yake.

Fedha. Mpe dawa ya bei nafuu yenye kiambato kilekile na nguvu ileile, umweleze kwamba rangi ya kidonge imebadilika lakini dawa ni ileile. Usipomweleza anaweza kumeza zote mbili, ya zamani na mpya. Anayeweza kununua wiki moja tu, mpangie siku maalumu, kwa mfano kila Ijumaa, na mkumbushe asingoje kidonge cha mwisho kiishe. Mwambie wazi kwamba kumeza siku moja na kuruka nyingine ili dawa zidumu hakumkingi.

“Presha imeshuka, nimepona.” Hili ndilo la kawaida zaidi. Mweleze kwamba imeshuka kwa sababu ya dawa. Presha haiumi, na kukosa dalili si kipimo. Anayetumia atenololi au propranololi aonywe zaidi: kuacha ghafla huufanya moyo kwenda mbio na kunaweza kuleta shambulio.

Madhara. Miguu kuvimba kwa amlodipini ni jambo la kawaida, hasa kwenye miligramu 10, na si dalili ya figo kufa kama wengi wanavyoogopa. Dawa ya kukojoza haisaidii sana uvimbe huo. Mrudishe kwa daktari apunguze dozi au abadilishe. Ila mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au uvimbe ukija na kuhema, ni jambo jingine na aende haraka. Kikohozi kikavu kisichoisha kwa anayetumia enalaprili au kaptoprili hakitibiwi kwa dawa ya kikohozi. Kinatokana na dawa yenyewe, na daktari anaweza kumhamishia losatani. Midomo au ulimi kuvimba akiwa kwenye dawa hizi ni dharura, na dawa hiyo asiimeze tena kamwe. Wanaume wengi hupoteza nguvu za kiume au hudhani wamezipoteza, wakaacha dawa kimyakimya. Uliza wewe kwanza, faraghani.

Enalaprili, kaptoprili na losatani hazifai kwa mjamzito, huharibu figo za mtoto tumboni. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa anayezichukua aulizwe, kwa heshima, kama ana ujauzito au anapanga.

Mwezi wa Ramadhani panga naye mapema, wiki mbili kabla. Dawa ya mara moja kwa siku huhamia futari au daku bila tatizo. Dawa ya kukojoza ni afadhali imezwe baada ya futari, kwani ikimezwa daku mtu hupoteza maji mchana kutwa bila kuyarudisha.

Hatua ya 5: Tazama anachonunua kingine

Mgonjwa wa presha akiomba dawa ya mgongo, mkono wa mtoa dawa huenda moja kwa moja kwenye diklofenaki au aibuprofeni. Zuia mkono huo. Dawa hizi hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Zikikutana na losatani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza, zinaweza kuangusha figo ndani ya siku chache, hasa kwa mzee anayeharisha au asiyekunywa maji. Mpe parasetamoli ya kawaida. Ile ya kuyeyusha kwenye maji iepuke: kila kidonge kinabeba sodiamu ya takriban miligramu 400, na mtu anayemeza vinane kwa siku anapita kiwango chote cha sodiamu cha siku, ambacho ni miligramu 2000.

Tazama pia dawa za mafua zenye sudoefedrini, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili (mwanamke mwenye presha aelekezwe kwenye njia nyingine), na prednisoloni au deksamethasoni zinazonunuliwa kiholela ili mtu anenepe. Hizo za mwisho hupandisha presha na sukari kwa pamoja.

Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa sababu ya valvu ya moyo asipewe metronidazo, kotrimoksazo, aspirini wala diklofenaki bila daktari wake kujua. Damu yake inaweza kuwa nyepesi mno akavuja ndani. Simvastatini, dawa ya lehemu (kolesteroli), haiendi pamoja na antibiotiki za erithromaisini wala klarithromaisini, misuli huharibika. Na kwa aliye kwenye amlodipini, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku.

Kuhusu mlonge, kitunguu saumu na choya, usimdharau mtu wala bibi yake aliyemwelekeza. Uliza anatumia nini, kiasi gani, na kama amepunguza vidonge. Hatari kubwa ni kuacha dawa iliyokuwa ikimlinda.

Hatua ya 6: Moyo si presha peke yake

Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba mshipa anahitaji kwa kawaida dawa ya kuzuia damu kuganda na dawa ya lehemu, yaani statini, hata kama lehemu yake ni ya wastani. Wengi huacha statini kwa kuwa hawaoni inachofanya. Mtu mwenye historia hiyo akileta cheti kisicho na dawa hizi, mpigie daktari umwulize.

Aspirini ya miligramu 75 kila siku kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo ni jambo tofauti. Wengi hununua “kulainisha damu,” na kwa hao uwezekano wa kuvuja damu tumboni au kichwani mara nyingi unazidi faida. Usiwauzie kwa mazoea. Chupa ya aspirini ikifunguliwa na kunuka siki, imeoza kwa unyevu. Itupwe kwa utaratibu wa dawa zilizoharibika.

Chumvi: kikomo ni gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyo ndani ya vyakula. Pwani, ng'onda, achari na chumvi ya kunyunyizia embe bichi huongeza zaidi ya sufuria yenyewe; bara ni vile vidonge na unga wa kukolezea mchuzi. Chumvi mbadala yenye potasiamu husaidia wengi, lakini mwenye figo mbovu au anayetumia losatani, enalaprili au spironolaktoni asiitumie bila daktari kumruhusu.

Kwa mvutaji, mwulize kila anapokuja, sentensi moja tu: “Kaka, umewahi kufikiria kuacha sigara?” Siku atakayosema ndiyo, pangeni tarehe palepale.

Dharura mlangoni

Uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja umelegea, maneno yamevurugika: dalili moja kati ya hizo ikitokea ghafla, ihesabu kuwa kiharusi. Uliza na uandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha donge, penye hospitali inayoitoa, hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu. Pima sukari kama una kipimo. Sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi na hutibika papohapo. Usimpe chochote mdomoni, hata maji, maana anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini: bila picha ya kichwa hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Usishushe presha yake. Ndugu wakitaka kumpeleka kwanza kwa mganga, wasihi waanzie hospitali.

Maumivu ya kubana kifuani yanayopanda shingoni au mkono wa kushoto, pamoja na jasho jembamba, ni kinyume kwa upande wa aspirini: kama hana mzio wala kidonda cha tumbo kinachovuja, atafune miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75, kisha gari lianze safari.

Hatua ya 7: Daftari na simu

Chora daftari lenye safu hizi: tarehe, jina, simu, umri, presha, dawa, idadi ya vidonge, tarehe ya kurudi. Lifungie kabatini, ni siri za watu. Kila Jumatatu asubuhi pitia safu ya mwisho. Aliyechelewa zaidi ya siku saba apigiwe simu, kwa ridhaa aliyoitoa siku ya kwanza. Usitaje ugonjwa wala dawa kwa mtu mwingine atakayepokea. Sema tu unatoka famasi na utapiga tena.

Aliyepelekwa kwa rufaa naye aulizwe baada ya wiki mbili: alifika? Aliandikiwa nini? Asiyekwenda kwa sababu ya nauli au foleni, tafuteni pamoja kituo cha karibu chenye kliniki ya presha na siku zake. Andika siku hizo kwenye karatasi na uibandike ukutani, mtoa dawa wa zamu yoyote aione.